Siku Moja Kisiwani Yas



Mara nyingi safari tunazozisimulia hapa ni za ziara na ibada, au za kuwazuru jamaa. Leo tumependa kusimulia safari ya mchezo. Asiyependezwa na hilo na akumbuke kwamba Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wa sallam, alimwachia Mama wa Waumini Bibi Aisha, radhiya Llahu anha, awatazame Wahabeshi wakicheza kwa mikuki siku ya Idi, mpaka akatosheka mwenyewe. Mchezo wenye mipaka una nafasi yake nyumbani mwa Mwislamu, na watoto wetu wanaongojea pembea za Makadara kila Idi wanalijua hilo bila ya kufundishwa.

Kisiwa cha Yas ni sehemu ya Abu Dhabi, karibu na uwanja wa ndege. Mwaka 2009 yalifanyika hapo mashindano ya kwanza ya magari ya Formula 1, na mwaka uliofuata, 2010, ikafunguliwa bustani ya michezo iitwayo Ferrari World. Baadaye vikaongezwa vivutio vingine, vikiwamo bustani ya michezo ya maji na mahali pa viumbe wa baharini. Sisi tulikuwa na siku moja tu, kwa hivyo tulichagua ile yenye paa jekundu. Paa hilo ni kubwa kupita kiasi, limechorwa alama ya farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, na msafiri aliye dirishani huliona akiwa angani. Chini yake ni baridi kama ya msimu wa kusi usiku, ilhali nje jua linachoma.

Tulikuwa watu wanne. Mama watoto na sisi tulikuwa tunarudi kutoka Umra pamoja na mjukuu wetu wa kike mwenye miaka saba, na ndege yetu ilitua Abu Dhabi kwa siku mbili. Wa nne alikuwa binti yetu, mama wa mtoto huyo, ambaye yuko Imarati mwaka wa nne sasa akifanya kazi katika nyumba ya watu. Waajiri wake, Mwenyezi Mungu awajazi kheri, walimruhusu siku nzima. Tiketi zote nne alizinunua yeye kwa mshahara wake. Tulipotaka kumzuia, alituambia, "Baba, niachie hili." Tukamwachia.

Wasomaji wengi hawahitaji kuelezwa hali hii, kwani nyumba nyingi za pwani zina kiti kama hicho kisichokaliwa. Binti yetu aliondoka mtoto akiwa na miaka mitatu. Tangu hapo mtoto analelewa na bibi yake, na bibi yake ndiye anayemwita Mama. Yule aliyemzaa humwita Mama wa Simu. Hakuna aliyemfundisha jina hilo. Alilizua mwenyewe, kwa kuwa ndani ya simu ndimo anamomwona. Pale uwanjani walipokutana alimpa mkono, akaubusu kwa adabu kama anavyowabusu wageni wetu wote, kisha akarudi nyuma ya buibui la bibi yake.

Mchezo wa kwanza ulikuwa shule ya udereva ya watoto. Mtoto huelezwa sheria za barabara, kisha hupewa kigari chekundu akiendeshe mwenyewe katika njia zenye taa na makutano. Mjukuu wetu alisimama kila penye taa nyekundu, jambo ambalo tungependa madereva wa matatu zetu wakajifunze huko. Alipomaliza alitoka mbio. Binti yetu alikuwa amekwisha kufungua mikono. Mtoto alimpita, akamkumbatia bibi yake.

Hatukusema kitu. Tuliendelea.

Tukapanda Bell'Italia, na kwa maoni yetu huo ndio mchezo ulio bora kwa watu wa rika letu. Ni magari ya wazi yaliyofanana na yale ya zamani ya miaka ya 1950, yakienda polepole kupita nchi ya Italia iliyofinyangwa ikawa ndogo: uwanja wa kale wa Roma, bandari ya Portofino, mifereji ya Venice yenye mashua zake. Hakuna kelele wala kurushwa. Mama watoto, ambaye magoti yake yameanza kumsumbua, aliuliza kama inafaa kuzunguka mara ya pili.

Upo pia mchezo unaohusu rubani wa Kitaliano, Francesco Baracca, aliyeuawa mwaka 1918 katika Vita Vikuu vya Kwanza. Ndege yake ilikuwa na picha ya farasi. Enzo Ferrari mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1923 alikutana na mama wa rubani huyo, naye akamwambia aiweke picha ya farasi wa mwanawe kwenye magari yake, itamletea bahati. Bahati haiko mikononi mwa farasi, na sisi tunajua iliko. Lakini hatukuweza kulitazama tena lile paa bila ya kumkumbuka mama aliyetafuta mahali pa kuliweka jambo la mwanawe ili lisipotee.

Baada ya Sala ya Adhuhuri na chakula, binti yetu alitushika mkono akatupeleka kwenye Formula Rossa. Hii ni rolakosta, yaani gari la relini lipandalo na kushuka, na ilipofunguliwa mwaka 2010 ilikuwa na kasi kuliko zote duniani. Rolakosta za kawaida huvutwa kwa mnyororo hadi kileleni, kisha huachwa ziteremke kwa uzito wake. Hii haingojei kilele. Hurushwa kwa kamba inayovutwa kwa nguvu ya mafuta yaliyoshindiliwa, mfano wa ndege za kivita zinavyorushwa kutoka juu ya manowari, na ndani ya takriban sekunde 5 inafika kilomita 240 kwa saa. Kisha hupanda mlima wa chuma wa mita 52 na kuzunguka nje penye jua, katika njia ndefu zaidi ya kilomita 2. Abiria huvaa miwani ya kukinga macho, kwani kwa kasi ile chembe ya mchanga ni kama jiwe.

Mjukuu wetu hakuruhusiwa, kwa kuwa kimo chake hakijafika mita 1.40. Alibaki na bibi yake akituaga kana kwamba tunakwenda vitani. Tulisoma dua ya kupanda chombo, na kabla ya kuimaliza tukawa tumekwisha kuondoka. Zaidi ya hapo hatuna la kueleza, kwa sababu hatukuona kitu. Tulisikia upepo na sauti ya binti yetu kando yetu ikipiga ukelele mrefu, ambao ulianza kama kicheko na haukuisha kama kicheko. Gari liliposimama alivua miwani, uso umelowa. "Ni upepo, Baba," alisema. Tukaitikia kwamba upepo ulikuwa mkali.

Kwa mama zetu watakaopenda kujaribu, tunashauri waache pini nyumbani na wavae ushungi wa kuingiza kichwani, usio na ncha za kuning'inia. Buibui pana likunjwe vizuri chini ya mkanda. Mwenye mimba, au maradhi ya moyo au ya mgongo, asithubutu. Aulize pia mapema ni wapi pa kusalia, maana bustani ni kubwa na wakati hupita upesi.

Tuliporudi, mtoto alikuwa ameshapata lake. Alikuwa ameona rolakosta ndogo ya watoto, na alikuwa hataki kusikia kingine. Masharti yalikuwa mepesi: mtoto wa kimo chake aingie akiwa na mtu mzima. Alimvuta bibi yake. Bibi akaonyesha magoti. Akatutazama sisi, na kwa kweli miguu yetu ilikuwa bado inatetemeka. Alibaki mmoja. Mtoto alisimama akifikiri kwa muda, watu nyuma wakingoja, kisha akainua mkono bila ya kumtazama aliyemwinulia. Binti yetu akaushika.

Tuliwaona wakipita mara ya kwanza, wameketi wima kama watu wasiojuana ndani ya basi. Mara ya pili, penye mzunguko mkali, mtoto alikuwa ameshika mkono wa mama yake kwa mikono miwili na ameficha uso ubavuni mwake. Mara ya tatu wote wawili walikuwa wanacheka. Walipoteremka, mtoto alisema kwa sauti iliyosikika mbali, "Mama, tena! Tena, Mama!"

Mama watoto, aliyekuwa ameketi nasi kwenye benchi, aligeuka na kuitika, "Abee." Kwa miaka minne neno hilo lilikuwa lake. Alipoona kwamba hakuitwa yeye, alijitandia mtandio sawasawa na kusema kwamba kiyoyozi cha mahali pale kinazidi. Tukampa koti letu. Wale wawili walirudi kwenye safu mara tano, tulihesabu, na kila mara walipotupita yeye ndiye aliyewapungia mkono mwanzo.

Binti yetu amebakiza mwaka mmoja wa mkataba. Alisema hivyo kwenye gari la kurudi, mtoto akiwa amelala mapajani mwake na kiatu kimoja kimevuka. Bibi yake alisema kwamba mwaka si mwingi, na akaanza kumweleza mambo ambayo kwenye simu hayasemeki: mtoto halali bila ya taa ya ukumbini, hapendi samaki wa miba, na akiwa na homa hataki kuguswa kichwani. Alieleza mpaka tukafika, na binti yetu aliyaandika yote katika simu yake.

Siku hizi simu ikilia Ijumaa baada ya Sala, mjukuu wetu hukimbia kuipokea mwenyewe. La kwanza analouliza ni kama ile rolakosta ndogo ingalipo. Huambiwa ipo.