Mac Isiyo Mac Yaenda Idodi

Nyimbo za kwaya zilirekodiwa nusunusu Dar es Salaam, kwenye Logic Pro, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Mwaka 2002 Apple iliinunua Emagic, kampuni ya Kijerumani iliyoitunga Logic, ikaacha kuitengenezea Windows. Tangu hapo, kwa upande wa kompyuta, kazi ya Logic hufunguka kwenye Mac tu. Mwalimu wa kwaya alitaka sauti za akina mama zirekodiwe hukohuko kijijini Idodi, kwa kuwa wengi wao walikuwa mashambani na nauli ya kundi zima kuja Iringa mjini hakuna wa kuilipa. Mac sina. Ninayo laptop ya mitumba, ya zile zilizochoka kwenye maofisi ya Ulaya, na ndani yake nimeweka macOS, mfumo wa Mac.

Wenyewe huiita Hackintosh. Mlango ulifunguka Juni 2005, Steve Jobs alipotangaza kwamba Mac zitahamia kwenye vichakataji vya Intel. Za kwanza zikatoka Januari 2006, na kuanzia hapo laptop yangu na Mac zikawa za ukoo mmoja. Kinachobaki ni kuuridhisha mfumo kwamba uko kwao. Kwangu kazi hiyo hufanywa na OpenCore, programu ndogo inayotangulia kuamka, ikaitambulisha mashine kwa jina la modeli fulani ya Mac, kisha ikajiweka kando. Wahandisi wa Apple waliliona hilo mapema. Baadhi ya programu za mfumo, Finder ikiwemo, zilifungwa kwa ufunguo unaokaa kwenye chipu ya Mac halisi, na kijisehemu cha kuzifungua wakakipa jina linalomwomba mtu asiibe. Laptop yangu haina chipu hiyo. Ombi linapokuja, hujibiwa na kiigizo kiitwacho VirtualSMC.

Basi la Tungamalenga, linalopita Idodi, nililipandia Mwangata, mchana. Sikuwahi kuvuka Kalenga upande ule. Fuvu la Chifu Mkwawa limekaa hapo tangu liliporudishwa mwaka 1954, na kila apitaye kwa mara ya kwanza huelekezwa kwa kidole, nami nilielekezwa. Baada ya Kidamali joto likaanza kupanda, masweta ya Iringa yakavuliwa moja baada ya jingine, mibuyu ikajitokeza. Begi nililipakata mapajani. Laptop nilikuwa nimeizima kabisa, maana kulala haijui: ukiifunga ikiwa inawaka, skrini huzimika lakini ndani inaendelea kuchemka mpaka betri iishe. Sauti inatoka, kibodi na Wi-Fi vinafanya kazi, kila kimoja kwa programu yake ya kuongezea ambayo Apple haikuiandika. Usingizi tu ndio ulionishinda. Chaja nayo ilikuwa kwenye mfuko wa pembeni, na mfuko huo ukalaliwa na gunia la mtu njia nzima.

Mbele ya Mloa njia ya Hifadhi ya Ruaha inagawanyika, basi letu likashika kushoto. Idodi ilitokea ghafla: majaruba ya mpunga ya kijani kibichi chini ya milima mikavu, ng'ombe wa wafugaji wakivuka barabara bila haraka. "Kamwene," alisema mwalimu aliyenisubiri kituoni, akanipokea begi kabla sijajibu.

Kanisa lina paa la bati, na jirani yake kuna mashine ya kukoboa mpunga. Mtu aliyezoea studio yenye magodoro ukutani atanielewa. Tukakubaliana turekodi baada ya mwenye mashine kufunga. Giza lilipoingia niliichomeka saundi kadi, mfumo ukaitambua papo hapo, kwa sababu kadi hiyo inafuata kanuni ya pamoja ya USB na haidai programu ya mtengenezaji. Feni ya laptop ilikuwa ikivuma hadi inasikika kwenye maikrofoni, basi tukaitoa nje ya dirisha, juu ya kiti, kijana mmoja akaikalia zamu kufukuza wadudu kwenye skrini. Mimi ndani, hedifoni masikioni, nikimpigia kelele: "Bonyeza!" Akina mama waliimba kama watu ambao hawajalima tangu alfajiri. Sauti ya pili ilikuwa nzito, imejaa, na mwangwi wa bati niliouogopa ukakaa nyuma yao vizuri kuliko mwangwi wowote wa programu.

Chaja ilikufa usiku huo. Waya ulikuwa umekatika ndani kwa ndani, pale gunia lilipoukandamiza. Kwa Mac halisi safari ingeishia hapo, kwani chaja yake ungeifuata mjini. Ya laptop yangu ilipatikana asubuhi nyumba ya tatu, kwa mtumishi mmoja wa ofisi ya kata. Haikuwa ya asili. Nilipowasha, kabla hata OpenCore haijaamka, yakatokea maandishi kwamba chaja haitambuliki. Chaja za namna hii zina pini nyembamba katikati ya kichwa, na ndiyo inayoipa kompyuta kitambulisho cha chaja. Kikikosekana, mashine inawaka, lakini betri haichajiwi na kichakataji kinapunguza mwendo. Nilicheka peke yangu. Mwili niliouvika mfumo wa watu nao ulikuwa na masharti ya waliouunda. Tukafanya kazi polepole, waya ukiwa ukutani, tukiomba umeme usikatike.

Wakati wa chakula, wali wa hapohapo kwa samaki wa Mtera, mwalimu aliniuliza kuhusu COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Nyimbo zake za awali zinapita kwenye simu za watu bure, kila mwenye bodaboda anazo. Nikamweleza nilichokijua: sheria ipo, ya mwaka 1999, kazi inaweza kusajiliwa. Kisha akaielekea laptop.

"Na hiyo, mdogo wangu, umeilipia?"

"Laptop nimeinunua, mwalimu. Logic nimeilipia. Mfumo wenyewe tangu 2013 Apple hawauuzi, unapakuliwa bure. Ila masharti yao yanasema uwekwe kwenye kompyuta yao tu."

Akatafuna kidogo. "Ni kama kufungulia maji ya mfereji siku isiyo zamu yako. Maji ya Mungu, lakini mfereji una wenyewe."

Nilimtajia Psystar, kampuni ya Florida iliyoanza mwaka 2008 kuuza kompyuta za namna hii. Mwaka uliofuata mahakama ikaamua kwamba imevunja hakimiliki na kuizuia. Mimi siuzi, nikasema. Mwalimu akajibu kuwa hata wenye bodaboda hawauzi, wanasikiliza tu. Hoja yake ina uzito, na sikutaka kuitafutia ujanja. Hata hivyo bado naona kuna umbali kati ya kumnyima mtunzi wa Idodi kipato chake na kukiuka sharti linalosema utumie ganda lipi. Yeye hauoni.

Kitakachomaliza ubishi wetu ni Apple yenyewe. Tangu Novemba 2020 inatumia chipu zake, na Juni 2025 ilitangaza kwamba macOS Tahoe ni toleo la mwisho kwa Intel. Kwa laptop yangu mwisho ulishafika: chipu yake ya picha, Intel HD 4000, iliishia kwenye toleo la Big Sur. Ndiyo maana siku ya kuondoka hatukumwachia mwalimu mafaili ya Logic. Kila sauti tuliitoa peke yake kama WAV ya biti 24, takriban megabaiti 43 kwa wimbo wa dakika 5, zikajaza flashi mbili. Moja akaifungia kwenye kabati la kanisa, ya pili akampa katibu wa kwaya, ambaye ana kompyuta ya Windows na aliifungua palepale kuhakikisha.