Rangi ya Ukungu

Huenda msomaji wa jarida hili, aliyezoea kukuta humu makala za uhakiki na mashairi ya arudhi, akashangaa kukutana na insha inayohusu kamera. Nakiri mapema kwamba upigaji picha si taaluma yangu. Ni kazi ya mwisho wa wiki iliyonisaidia kulipa karo ya shahada ya uzamili: harusi, mahafali na, mara nyingi kuliko nilivyotarajia, mazishi. Hata hivyo, ipo picha moja iliyonitaabisha kwa zaidi ya mwaka mzima, na taabu yake haikuwa mbali na mambo tunayobishania katika madarasa ya fasihi.

Nilizaliwa pembezoni mwa Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ni huko ambako chai ilipandwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya, mwaka wa 1903. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hushuka juu ya mashamba hayo usiku na aghalabu hauondoki hadi jua lipande. Babu yangu alikuwa karani wa mizani katika kituo cha kununulia majani chai. Wakulima walileta majani yao katika magunia; yeye aliyatundika kwenye mizani, akasoma uzito, kisha akatoa uzito wa gunia kabla ya kuandika kilo kitabuni. Gunia likiwa limelowa, alitoa zaidi. Wapo waliomnung'unikia, naye jibu lake lilikuwa moja tu: "Kiwanda hakisagi magunia." Kazini alivaa koti refu la kazi, lenye mifuko miwili mikubwa, na hata baada ya kustaafu hakuliacha. Alikwenda nalo shambani, kanisani, hata hospitalini.

Asubuhi moja ya Julai 2023, yapata saa kumi na mbili na robo, jua likiwa bado halijachomoza, nilimkuta amesimama ukingoni mwa shamba akiutazama ukungu. Nilimpiga picha tatu. Mbili alikuwa amefumba macho. Ya tatu ndiyo hii ninayoizungumzia. Wakati huo sikuona kwamba nimefanya jambo lolote kubwa. Nilikuwa nikijaribu lenzi niliyoinunua mtumba, ambayo baadaye niligundua kwamba ndani yake mlikuwa na ukungu wa aina ya pili, ule unaoota kwenye mikate na vitabu. Lugha yetu imeyaita mambo haya mawili kwa neno moja, na kwa kweli yote mawili huifanyia picha jambo lile lile: huufifisha weusi na kuzifanya rangi zikaribiane.

Babu alifariki Machi 2024. Familia ilitafuta picha ya kuweka kwenye jalada la kijitabu cha mazishi, na ikabainika kuwa katika miaka yake ya mwisho hakuna aliyempiga picha nzuri ila mimi, na nzuri yangu ilikuwa hiyo moja. Mchapishaji mjini aliitaka kufikia Jumatano jioni. Nikakaa mbele ya tarakilishi, nikaifungua, nikaiona ilivyokuwa ya samawati kutoka pembe hadi pembe. Uso wa babu ulionekana kama wa mtu aliyetolewa majini. Nikaamua kuisahihisha.

Hapa sina budi kueleza kidogo. Kila mwanga una rangi yake, ingawa macho yetu huizoea upesi hata tusiione. Wapigapicha huipima rangi hiyo kwa kipimo cha Kelvini: mshumaa huwa karibu na 1,900, balbu ya kizamani karibu na 2,700, jua la mchana takriban 5,500, na kivuli chini ya anga tupu hupita 7,000. Kadiri namba inavyopanda ndivyo mwanga unavyozidi kuwa wa samawati. Kamera haina mazoea ya jicho. Ni lazima iambiwe, au ikisie, mwanga uliopo una rangi gani, ili iiondoe na kuacha rangi ya kitu chenyewe. Zoezi hili mimi huliita mizani ya weupe. Najua msomaji aliyelelewa na arudhi atadai kwamba mizani ni idadi ya silabi katika mshororo, lakini mimi nilipolichagua neno hili nilimkumbuka babu. Kuondoa rangi ya mwanga ili ubaki na rangi ya kitu ni sawa kabisa na kutoa uzito wa gunia ili ubaki na majani.

Namna ya kutoa ni rahisi mno. Katika programu ya kuhariri picha mna alama yenye umbo la kidondoshea dawa. Unaigusisha kwenye kitu unachojua kuwa ni cheupe au cha kijivu kisicho na rangi nyingine, na programu hupiga hesabu: ikiwa kitu hiki cha kijivu kimetokea cha samawati, basi samawati iliyozidi ndiyo ya mwanga, na iondolewe katika picha nzima. Yote hutegemea neno moja: unachojua. Mimi niligusa koti la babu. Nilijua kuwa koti la babu lilikuwa la kijivu.

Picha ikageuka papo hapo. Samawati ikatoweka, ukungu ukawa na rangi ya chai ya maziwa, uso ukapata joto. Nikafurahi. Kisha nikaenda mbele zaidi, nikatumia kitelezi cha kuondoa ukungu, ambacho programu hizi zimekuwa nacho kwa miaka kadhaa sasa, na mashina ya michai yakajitokeza moja moja hadi ng'ambo ya bonde. Tukachapisha nakala 200.

Siku ya mazishi shangazi alikishika kijitabu, akakitazama kwa muda, akaniuliza bila hasira, "Hili ni koti la nani?" Nikamwambia ni lile lile la siku zote. "La baba lilikuwa buluu," akasema. "Limepauka, lakini buluu." Nyanya aliyekuwa ameketi kando yake hakujishughulisha na koti. Aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mbona hapa hakuna baridi?"

Sitajaribu kueleza nilivyojihisi nikiona vijitabu hivyo mikononi mwa watu. Miaka yote niliyokaa na mzee yule, niliyembeba, aliyenibeba, sikuwa nimelitazama koti lake. Buluu iliyopauka ni rangi ngumu kuishika, nakubali. Huenda hata lugha ilinisaliti. Rangi tatu tu ndizo zenye vivumishi vyake asilia katika Kiswahili, vinavyokubali upatanisho wa kisarufi: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine tunazikopa, au tunazitaja kwa kuelekeza kidole kwenye vitu: majivu, majani, kahawa, chungwa. Kati ya jivu na anga mna vivuli vingi visivyo na jina. Lakini huo ni utetezi wa mwanafunzi wa isimu. Shangazi naye anasema Kiswahili hiki hiki, na alijua.

Baada ya matanga niliirudia picha, safari hii niiweke kwenye fremu ya nyanya. Kwa bahati nilikuwa nimehifadhi faili ghafi, yaani data yote iliyonaswa na kihisi cha kamera kabla ya kukandamizwa. Katika faili la namna hiyo mizani ya weupe hupangwa upya kila utakapo. Tatizo lilikuwa ni kitu cha kuaminiwa. Nikajaribu mabati ya paa lililoonekana nyuma yake; mabati, kumbe, ni kioo kibovu, huakisi rangi ya anga. Nikajaribu mvi zake, na moshi wa jikoni ulikuwa umezitia manjano. Mwishowe nikaugusa ukungu wenyewe. Je, ukungu si mweupe?

Jibu la fizikia ni ndiyo na la. Matone ya ukungu, madogo kama yalivyo, ni makubwa mara nyingi kuliko mawimbi ya mwanga, na kwa hiyo huutawanya mwanga wa rangi zote karibu sawasawa. Molekuli za hewa ni ndogo mno, nazo hutawanya samawati kuliko nyekundu; ndiyo maana milima ya mbali huonekana ya samawati hata siku isiyo na ukungu. Kwa hiyo ukungu hauna rangi yake. Huvaa rangi ya mwanga unaouangukia, na kabla ya jua kuchomoza mwanga huo ni wa anga, ni wa samawati. Chini yake michai nayo huurushia ukijani kidogo. Nilipougusa ukungu ukawa wa kijivu safi, na picha ikafa. Nilikuwa nimetoa gunia na majani pamoja.

Ndipo nilipoanza kuikumbuka tasnifu yangu, iliyokuwa ikisubiri mezani. Nilikuwa nikisoma matoleo ya tenzi za zamani za Lamu, na nilishawasifu baadhi ya wahariri kwa "kuzisahihisha" ili zisomeke kwa Kiswahili Sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa mwaka wa 1928. Mshairi wa Kiamu akiandika "mato", mhariri akaweka "macho", maana inabaki, na silabi bado ni mbili. Lakini kama ubeti mzima ulitiwa kina cha -to, umevunjika. Mhariri ameichukua lahaja kuwa ni gunia. Sura ile nimeiandika upya, na msimamizi wangu, ambaye hajui lolote kuhusu kamera, alitaka kujua kilichonibadilisha.

Julai 2024 nilimwomba nyanya koti, nikalipeleka shambani saa ile ile, ukungu ukiwa umeshuka kama mwaka uliotangulia. Nikalitundika kwenye mti mahali aliposimama babu, na kando yake kadi ya kijivu ya wapigapicha, nikapiga. Kadi ikanipa takriban Kelvini 7,400 na zambarau kidogo ya kusawazisha ukijani wa michai. Asubuhi mbili hazifanani kabisa, lakini hakuna kilichokuwa karibu zaidi. Nilipoitia hesabu hiyo kwenye picha ya babu, koti likatokea buluu, buluu ya shangazi. Baridi ya nyanya haikurudi. Nikashusha hadi 6,500: koti likazidi kidogo, ukungu ukabaki na usamawati wake. Nadhani hii ya pili ndiyo iliyo karibu na alichokiona babu, kwa maana alfajiri jicho huizoea rangi ya mwanga lakini haliimalizi yote. Kiasi cha mwanga pia nilikiongeza kidogo, kwani kamera ikiona ukungu mwingi mweupe hudhani umezidi, ikautia giza. Kitelezi cha kuondoa ukungu sikukigusa.

Nilichapisha zote mbili nikampelekea nyanya, nikamwomba azitazamie mlangoni, si chini ya balbu. Alizitazama kwa zamu. Shangazi alikuwapo, alichukua ile ya 7,400 bila kusita, kwa sababu ya koti. Nyanya akabaki na nyingine. Akaniuliza kama nilikuwa nimelirudisha koti lenyewe. Nikalitoa mkobani. Lilikuwa bado lina unyevu wa asubuhi, naye akalitwaa, akatoka nje kulianika.