Tunahimizwa Kuomba

Wahenga walisema kwamba adhabu ya kaburi aijua maiti. Mimi ninatembea kwa mkongojo tangu nilipoumwa na nyoka nikiwa na umri wa miaka tisa, nikakatwa mguu. Nilizaliwa Kataboi, kando ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kalokol. Mchanga wa kwetu hauna huruma: mkongojo huzama, na hatua kumi za wenzako huwa ishirini zako. Wenzangu walipokwenda ziwani kuvua, mimi nilibaki na vitabu, na vitabu hivyo ndivyo vilivyonifikisha chuo kikuu.

Mwaka 2022, baada ya kuhitimu shahada ya kwanza, niliona tangazo la nafasi za mafunzo ya kazini katika ofisi moja mjini Lodwar. Mwishoni palikuwa na sentensi ambayo wahitimu wenye ulemavu nchini Kenya tunaijua kwa ghibu: watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba. Niliomba, nikaitwa. Nilipanda pikipiki hadi Kalokol, kisha gari la abiria hadi Lodwar, nikakuta usaili unafanyika ghorofa ya pili. Njia ya kufika huko ilikuwa ngazi.

Pale chini nilikutana na kijana kiziwi kutoka Kakuma. Tuliandikiana kwenye karatasi. Aliniuliza kama kutakuwa na mkalimani wa lugha ishara. Hakuwapo. Kijana aliingia, na kabla ya dakika tano kwisha alikuwa ametoka. Zamu yangu ilipofika, wasaili waliniuliza nitawezaje kufika kazini kila siku. Niliwajibu kwamba leo nimefika. Waliponiuliza kama nina la kuongeza, nilikuwa nalo: habari za yule kijana. Nikalimeza. Nilihofia kwamba nikimtetea nitaonekana msumbufu na kuipoteza nafasi yangu. Nafasi yenyewe sikuipata, na kimya kile kinanisuta hadi leo.

Si kwamba sheria zimekosekana. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilitenga asilimia 5 ya kazi za vibarua, za dharura na za mkataba, katika sekta ya umma na ya binafsi, na ikampa mwajiri wa binafsi nafuu ya kodi. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 54, iliitaka serikali ihakikishe hatua kwa hatua kwamba angalau asilimia 5 ya wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa ni watu wenye ulemavu. Mwaka 2025 sheria mpya ilichukua mahali pa ile ya 2003. Isitoshe, Ibara ya 120 inataja lugha rasmi za Bunge kuwa ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha Ishara ya Kenya. Kikatiba, basi, lugha tunayoisomea na lugha ya kijana yule ni ndugu. Siku ile ndugu mmoja alisikilizwa, mwingine akarudishwa mlangoni.

Katika sarufi tunafundishwa kwamba nomino kama kipofu, kiziwi na kiwete zina umbo la KI-VI, lakini upatanisho wake ni wa A-WA. Twasema kiziwi ameingia, hatusemi kiziwi kimeingia. Sentensi nzima humfuata mtu. Tangazo lile lilianza vizuri kwa kututaja, ila yaliyofuata hayakupatana nalo: ngazi, ukosefu wa mkalimani, na lile swali la nitafikaje. Kumhimiza mtu aombe hakugharimu kitu. Gharama iko katika kumwandalia chumba cha chini, mkalimani na nauli, na hapo ndipo asilimia 5 inapopotelea, kabla hata ya hesabu kuanza.

Ndugu msomaji, wengi wetu siku moja tutaketi upande wa pili wa meza, tukiwa walimu, wahariri au wasaili. Hata leo chama chetu huandaa makongamano. Tujiulize ni nani anayeulizwa mapema atahitaji nini ili ashiriki. Kwa upande wangu, nikiketi tena mbele ya wasaili na kuulizwa kama nina la kuongeza, nitalisema, hata kama litanigharimu nafasi.