Tulipewa asante, hatukupewa pole

Ukitaja vijana na matanga hapa Kilifi, kitu cha kwanza watu hufikiria ni disko matanga. Spika kubwa, mnazi, giza, na asubuhi yake lawama. Serikali imepiga marufuku mara sijui ngapi, na sababu tunazijua sote: wasichana wa shule wanapata mimba, watoto wanakesha, vita vinazuka. Sawa. Siko hapa kutetea disko matanga.

Lakini matangani kuna vijana wengine ambao hakuna anayewazungumzia. Wamevaa sare, glavu nyeupe mikononi, wamejipanga mstari kando ya kaburi. Hawachezi. Wanapuliza tarumbeta na kupiga ngoma iliyofunikwa kitambaa cheusi. Ni bendi ya shule.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Na kuna swali nililolisubiri muda mrefu sana bila mtu kuniuliza: wewe uliyepiga pale, uko sawa?

Wacha nianze mwanzo.

Shule yetu iko Rabai, ukitoka Mazeras kwa barabara ya Kaloleni, huku wageni wanakokuja kuona kanisa la kale na makumbusho ya Krapf. Bendi yetu haikuwa kubwa. Tarumbeta nne, tromboni moja, ngoma, na matoazi yaliyopinda. Tarumbeta yangu ilikuwa na kitufe cha pili kinachokwama, nikawa nakipaka mafuta ya cherehani ya mamangu. Nilijiunga kidato cha kwanza kwa sababu ambayo sioni haya kuisema: wanabendi waliruhusiwa kutoka darasani mapema.

Hakuna aliyeniambia kwamba bendi ya shule pia ni bendi ya mazishi. Mwalimu mstaafu akifariki, tunaitwa. Mzazi aliyekuwa kwenye kamati akifariki, tunaitwa. Mwaka mmoja tulienda mara nne. Tunapanda basi la shule na vyombo vyetu, tunashuka, tunapiga, tunarudi. Jumatatu asubuhi tuko gwaride kama kawaida.

Wimbo wetu wa mazishi ulikuwa Kaa Nami. Hata kama wewe si mtu wa kanisa, ukikulia Rabai umeusikia. Maneno yake ya Kiingereza yaliandikwa na kasisi wa Kianglikana, Henry Francis Lyte, aliyefariki Novemba 1847, mwaka mmoja tu baada ya Krapf na Rebmann kufungua kituo chao cha misheni hapa kwetu. Tuni ambayo wengi tunaijua ilitungwa na William Henry Monk mwaka 1861. Ni wimbo wa polepole, noti ndefu ndefu. Mtu asiyepiga chombo atadhani wimbo wa polepole ni rahisi. Si rahisi hata kidogo. Wimbo wa haraka una mahali pa kujificha, ukikosea noti inapita. Kaa Nami haina maficho.

Tena wengi hawajui tarumbeta inatoaje sauti. Kile chuma chenyewe hakina sauti. Sauti ni midomo yako inayotetemeka unapopuliza, chuma kinaikuza tu. Kwa hivyo kila kitu kinachoendelea ndani yako kinasikika nje. Mpiga ngoma anaweza kulia huku anapiga. Mwimbaji akilia, watu watasema ameimba kwa hisia. Sisi wa tarumbeta hatuna nafasi hiyo. Koo likibana, pumzi inakatika. Mdomo ukicheza, noti inavunjika, na kila mtu anasikia.

Ndiyo maana mwalimu wetu wa bendi alikuwa na sheria yake. Usiangalie jeneza. Usiangalie mama wa marehemu. Tafuta mnazi mmoja kule mbali, ukazie macho kilele chake mpaka wimbo uishe. Halafu anamalizia kwa maneno yaleyale: "Leo kazi. Kulia ni kesho."

Simlaumu. Alikuwa mtu mwema na sheria yake ilifanya kazi. Ilifanya kazi vizuri sana, hiyo ndiyo shida. Kwa mazishi yote yale mimi nawakumbuka minazi kuliko watu.

Aprili 2022, nikiwa kidato cha pili, Rais Mstaafu Kibaki alizikwa Othaya. Nyumbani kila mtu alikuwa anaangalia runinga, wazee wanahesabu majenerali. Mimi nilikuwa namsubiri mtu mmoja tu, yule mwanajeshi wa kupuliza Last Post. Alipoinua chombo chake nikajikuta nimebana midomo, kana kwamba ni zamu yangu. Rafiki yangu alinipigia simu papo hapo. Hata salamu hakunipa. Akasema, "Bro, umeona anavyopumua?" Tukacheka. Wakenya wanamuaga rais, sisi wawili tunajadili pumzi.

Huyo rafiki ndiye ninayetaka kuwaambia habari zake. Alipiga tarumbeta ya pili, akisimama kulia kwangu. Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa kurithi unaofanya chembe nyekundu za damu zijikunje kama mundu na kuziba njia ya damu. Huku Pwani si ugonjwa mgeni, wengi wetu tuna ndugu au jirani aliye nao. Kuna wiki alikuwa mzima kabisa, anatusumbua bendi nzima kwa vichekesho. Kuna wiki maumivu yalimshika, haonekani shuleni. Akirudi, pumzi inakuwa fupi. Basi tukawa na makubaliano yetu: yeye akikata, mimi namdaka. Akiishiwa pumzi katikati ya mstari anashusha tarumbeta kidogo, mimi naongeza sauti, na hakuna anayejua. Nami nikikata, yeye ananidaka. Alinidaka mara nyingi kuliko nilivyomdaka, na mimi ndiye niliyekuwa mzima.

Alifariki mwaka 2023, muhula wa pili, tukiwa kidato cha tatu.

Ijumaa mwalimu alitukusanya kwenye chumba cha vyombo. Akauliza nani atapiga sehemu ya tarumbeta ya pili kesho. Hakuna aliyeinua mkono. Akasubiri, akaangalia chini, akasema basi iachwe wazi. Hatukufanya mazoezi siku hiyo. Tuling'arisha vyombo tu. Nilichukua tarumbeta yake nikaipaka mafuta vitufe vyote vitatu, ingawa hakuna aliyekuwa anaenda kuipiga.

Jumamosi tulijipanga kama kawaida, isipokuwa kulia kwangu paliachwa nafasi ya mtu mmoja. Nikatafuta mnazi wangu. Tukaanza.

Mstari wa kwanza ulipita. Wa pili ukapita. Lakini masikio yangu yalikuwa yanaisubiri ile sehemu ya pili, ile sauti ya chini inayotembea kando ya yangu, nayo haikuja. Wimbo ulikuwa na shimo, na shimo lenyewe lilikuwa na umbo lake. Kwenye mstari wa tatu nikakosea. Nikaacha kuangalia mnazi, nikaangalia kulia.

Noti ilivunjika. Si kuteleza kidogo, ilivunjika kabisa, ikatoa sauti kama ya mtu aliyekabwa. Nikajaribu tena, hewa tu. Nikashusha tarumbeta. Tarumbeta mbili zilizobaki zilikuwa zinanifuata mimi, nazo zikayumba, zikanyamaza. Ikabaki ngoma peke yake.

Halafu kina mama wakadaka. Hakuna aliyewaambia. Mmoja alianza pale pale nilipoangukia, wengine wakaingia, na wimbo ukaendelea mpaka mwisho bila tarumbeta hata moja.

Baada ya mazishi tulipewa soda na mkate. Msemaji wa familia akaja kutushukuru. "Asanteni sana vijana, mmefanya kazi nzuri." Na mimi nikasema karibu, kama mhudumu wa hoteli.

Hapo ndipo pana jambo langu la leo. Si unajua matangani neno ni moja? Pole. Unampa mama wa marehemu, unampa jirani, unampa hata mtu usiyemjua mliyekutana njiani. Siku ile kila mtu aliyekuwa pale alipewa pole isipokuwa sisi wenye sare. Sisi tulipewa asante. Asante ni ya mtu aliyefanya kazi. Pole ni ya mtu aliyefiwa. Na ukiwa na miaka 17, ukiwa umemzika rafiki yako kwa pumzi yako mwenyewe, neno moja likikosekana linakutuma mahali pabaya. Nilirudi nyumbani nikiamini sikufiwa. Nilikuwa kazini, na kazi nikaiharibu.

Ile kesho ya kulia haikufika. Jumapili niliosha sare. Jumatatu kulikuwa na mtihani wa hesabu. Wiki iliyofuata nilimwambia mwalimu nataka kusoma, naacha bendi. Akakubali, hakuuliza. Kwa karibu mwaka mzima sikushika tarumbeta, na nikisikia Kaa Nami mahali popote naondoka. Watu wa nyumbani walidhani ni mambo ya ujana.

Nilichokuwa nabeba kilikuwa aibu zaidi ya huzuni. Kila usiku naisikia ile noti. Nikajiambia rafiki yangu alinidaka karibu miaka miwili, na siku moja aliyonihitaji mimi, nikamwangusha.

Kuna vitu viwili vilivyonitoa huko.

Cha kwanza nilikipata kwenye simu, usiku, nikitafuta mtu mwingine yeyote duniani aliyewahi kuvunja noti mazishini. Kumbe yupo, na aliivunja mbele ya dunia nzima. Anaitwa Keith Clark, mpiga tarumbeta wa bendi ya jeshi la Marekani. Tarehe 25 Novemba 1963, kwenye makaburi ya Arlington, alipiga Taps akimzika Rais Kennedy. Kipande hicho kina noti 24. Alikuwa amesimama kwenye baridi kwa saa nyingi, na noti ya sita ikavunjika. Siku ile, mbele ya wote, alikosea. Na waliosikia, wengi hawakusema amekosea. Walisema ilikuwa kama tarumbeta yenyewe imelia. Nilisikiliza rekodi hiyo labda mara ishirini. Hiyo noti ya sita naijua. Ni ndugu yake ile yangu.

Cha pili ni mama wa rafiki yangu. Tulikutana sokoni Mazeras, nikataka kujificha nyuma ya mikungu ya ndizi, akaniwahi. Akanishika mkono, hakuuachilia. Akasema, "Mwanangu, ile sauti ilipokatika, ndipo nilipojua mtoto wangu alikuwa na rafiki." Halafu akaniuliza, "Na wewe, pole. Umepoa?"

Walahi nililia pale pale sokoni, na mabegi ya watu yananipita. Kesho ya mwalimu ilikuwa imefika, imechelewa mwaka mmoja.

Toka siku hiyo namfikiria sana nyanya yangu. Babu alipofariki nilikuwa darasa la tatu, na usiku ule kina mama waliimba kifudu, zile nyimbo zetu za maombolezo. Nyanya alikuwa anaimba na kulia kwa pumzi moja. Akishindwa, mwenzake anadaka. Mwenzake akishindwa, nyanya anarudi. Hapakuwa na mstari wa wapigaji huku na mstari wa wafiwa kule. Wote walikuwa wafiwa, na hakuna aliyehesabu noti zilizovunjika. Wale kina mama waliodaka wimbo wangu Jumamosi ile hawakuwa wanaokoa shughuli iliyoharibika. Walikuwa wanafanya wanachofanya siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa nimefundishwa kusimama upande mwingine.

Sisemi bendi za shule ziache kwenda mazishini. Ziende. Kupigia mtu wimbo wa mwisho ni heshima kubwa na sijutii hata mara moja. Ninachosema ni hiki. Mwalimu wa bendi, kabla hujawarudisha watoto kwenye basi, wakalishe chini ya mwembe dakika kumi. Mwambie kila mmoja amtaje aliyezikwa. Anayelia alie. Mnazi una faida wakati wa wimbo, baada ya wimbo hauna.

Na wewe unayesoma, siku moja utakuwa matangani na utawaona wamejipanga, glavu nyeupe, macho yako mbali. Wakimaliza, usiwape asante peke yake. Nenda kwa yule aliyekosea, maana huwa yuko mmoja, mpe mkono, mwambie pole. Halafu subiri ajibu.

Mimi nilirudia tarumbeta mwezi wa pili mwaka huu. Naipiga jioni nyuma ya nyumba, majirani wananivumilia. Kaa Nami naanza na sehemu ya pili, ile yake. Kitufe cha pili bado kinakwama.