Safari ya Malindi iliyotufunza kusoma ngozi zetu

Basi la usiku lilituvusha Daraja la Kilifi jua likichomoza. Chini yetu maji ya mkono wa bahari yalikuwa yametulia, na ngalawa mbili tatu zilikuwa zikirudi kutoka uvuvini. Daraja hili lilifunguliwa mwaka wa 1991; kabla ya hapo abiria alishuka akangoja feri. Kila nipitapo hapa huwaamsha wanangu wapate kutazama. Safari hii binti yangu wa miaka 16 alikuwa macho, lakini hakutazama nje. Alikuwa amejifunika leso mpaka puani, akasema baridi ya basi ilikuwa imemzidi.

Nilimwamini. Mzazi aliyesafiri usiku kucha huamini mengi.

Tulikuwa tukienda harusini Mambrui, mji mkongwe ulio ng'ambo ya Mto Sabaki, kaskazini ya Malindi. Khala wangu, dada yake marehemu mama, alikuwa akimwoza mjukuu wake, na alikuwa ametuma salamu kwamba asiyefika asimwite khala tena.

Kutoka Kilifi barabara hupita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kisha hufika Gede, mji wa kale ambao mwaka wa 2024 ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hapo kuna misikiti yenye visima na mahali pa kutawadhia, dalili kwamba watu wa mwambao huu walijali usafi wa mwili karne nyingi zilizopita. Pande zote mbili za njia imesimama mibuyu, minene na mitulivu kama wazee barazani. Sikujua kwamba kabla ya wiki kwisha ningekuwa nikiitazama miti hii kwa jicho jingine.

"Umetia nini usoni?"

Khala alitupokea mlangoni. Alipomaliza kuitikia shikamoo za watoto, alimshika binti yangu kidevu na kuishusha ile leso. Hapo ndipo nilipouona uso wa mwanangu katika mwanga wa mchana. Mashavu yalikuwa mekundu, yamekauka na kubambuka, ilhali shingo na masikio vilibaki na weusi wake wa kuzaliwa.

"Mamangu, umetia nini usoni?" Khala aliuliza kwa upole. Hakurudia swali. Aliendelea kukishika kile kidevu mpaka mtoto akaangua kilio.

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Chunusi zilimwanza muhula wa pili, na wenzake darasani wakampachika jina. Rafiki yake akampeleka kwenye kibanda kimoja jijini kilichouza krimu katika vikopo vidogo. Alijinyima nauli akanunua. Wiki ya kwanza chunusi zilinywea, uso ukang'aa, akasifiwa. Wiki ya tatu ngozi ikaanza kuwaka moto. Kadiri ilivyowaka ndivyo alivyozidi kupaka, akidhani dawa inafanya kazi.

Nilipandwa na hasira. Nilianza kumkaripia, lakini Khala alinikata kauli: "Na wewe ulipokuwa rika lake ulijipaka nini? Nikukumbushe?"

Nilinyamaza. Nilikumbuka likizo moja nilipojisugua ndimu usoni ili niwe "mweupe", kisha nikaenda ufuoni Malindi saa sita mchana. Maji ya ndimu yana kemikali ambayo ikipigwa na jua huiunguza ngozi. Nilitoka malengelenge, na mabaka meusi yalikaa usoni mwangu kwa miezi. Aliyeniuguza alikuwa Khala huyu huyu.

Nilitarajia angeleta liwa. Nyumbani kwake hakukosi kipande cha msandali na msio, lile jiwe la kusugulia. Kipande hicho husuguliwa juu ya msio kwa maji kidogo mpaka kitoe uji laini wenye harufu nzuri, na biharusi hupakwa mwili mzima. Lakini Khala alitikisa kichwa. "Liwa ni pambo," alisema. "Ngozi iliyojeruhiwa haipambwi. Kesho mpelekeni mjini kwa wenye kujua dawa, na hicho kikopo mkichukue."

Kikopo kisichosema kitu

Katika duka la dawa mjini Malindi, mfamasia alikigeuza kikopo juu chini. Jina la krimu lilikuwepo. Picha ya mwanamke mweupe ilikuwepo. Lakini hapakuwa na jina la mtengenezaji, tarehe, alama ya ubora, wala neno hata moja kuhusu kilichomo.

"Siwezi kuwaambia kuna nini humu bila kipimo cha maabara," alisema. "Na aliyekuuzia, binti yangu, naye hajui."

Kisha alitueleza vitu vitatu ambavyo hupatikana mara nyingi katika krimu za namna hii. Cha kwanza ni zebaki. Huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini hupenya mwilini na kudhuru figo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito anaweza kumwambukiza sumu hiyo mtoto aliye tumboni. Cha pili ni haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu bila daktari huweza kuacha madoa ya weusi wa samawati yasiyotoka. Cha tatu ni steroidi zenye nguvu. Hizi ni dawa halali kwa baadhi ya magonjwa ya ngozi zikiandikwa na daktari, ila zikipakwa usoni ovyo hupunguza unene wa ngozi, huleta michirizi na kuzidisha chunusi zile zile mtu alizotaka kuziondoa.

Marufuku si jambo geni. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka wa 1998. Mwaka wa 2019 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kutaka haidrokwinoni ipigwe marufuku katika vipodozi kote katika jumuiya. Hata hivyo vikopo vinaendelea kuuzwa, kwa sababu wanunuzi tupo.

Hospitalini daktari alisimamisha kila kitu isipokuwa maji, sabuni isiyo na manukato na mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Akatutaka tumwone daktari wa ngozi mara tukirudi Nairobi. Alitoa onyo moja ambalo ningependa kila msomaji alishike: aliyetumia krimu kama hiyo kwa miezi mingi asiiache kimya kimya nyumbani, bali amwone daktari, kwani ngozi huweza kulipuka vibaya zaidi siku chache baada ya kuacha.

Kile kikopo hatukurudi nacho. Mfamasia alikichukua ili kisitupwe jaani au motoni, kwa kuwa zebaki ikichomwa mvuke wake ni sumu.

Majina ya miti

Kabla hatujatoka dukani, mfamasia alimpa binti yangu chupa ya losheni asome. Alisoma akakwama: maneno yote yalikuwa ya Kilatini. Mfamasia alicheka. "Hiyo *Aqua* ni maji tu. Na hiyo *Cocos nucifera* ni mnazi ulio nyumbani kwa nyanya yako."

Alitufundisha kanuni mbili. Ya kwanza, vitu vilivyomo huandikwa kwa kufuata wingi wake. Kilicho kingi hutangulia, na vile vilivyotiwa kidogo sana hufuata mwishoni. Kwa hiyo krimu ikijisifu kwa picha kubwa ya mshubiri, na jina la mshubiri likawa la mwisho kabisa, wewe umenunua picha. Ya pili, neno *Parfum* ni manukato, na mwenye ngozi nyepesi kuwashwa aanze kulishuku hilo.

Kuanzia hapo likizo ikawa darasa. Kila jioni jua lilipopungua, binti yangu alichukua daftari akamfuata Khala uani. Khala alitaja mti na matumizi yake. Mtoto aliandika jina la kitabuni. Mbuyu ni *Adansonia digitata*, jina linalotokana na Mfaransa Michel Adanson aliyekaa Senegali katika karne ya 18. Mbegu za mabuyu, zile tunazomung'unya na kuzitema, hutoa mafuta mepesi yanayofaa ngozi kavu. Mwarobaini ni *Azadirachta indica*. Jina letu linatokana na imani kwamba hutibu maradhi 40. Majani yake husaidia kupunguza vijidudu, lakini mafuta ya mbegu zake ni makali na hayafai kunyweshwa mtoto mchanga. Manjano ni *Curcuma longa*. Hupendwa sana na maharusi, ila huacha rangi, na wako watu yanaowawasha.

Tuliuliza habari za mafuta ya nazi, mfalme wa mwambao. Karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi iitwayo lauriki. Hulainisha ngozi kavu vizuri na huzuia unyevu usipotee. Ndiyo sababu Khala, ambaye ngozi yake ni kavu, hajapaka kingine tangu usichana. Lakini kwa ngozi ya mafuta, hasa ya kijana mwenye chunusi, mafuta hayo huweza kuziba vinyweleo na kuongeza tatizo. Bibi na mjukuu, damu moja na nyumba moja, na kinachomfaa huyu kinamdhuru yule.

Hata mshubiri una pande mbili. Ute ule mweupe wa ndani hutuliza, lakini maji ya manjano yatokayo chini ya ganda huwasha, na lazima yaachwe yachuruzike kwanza. Korosho nayo, zao lililowahi kuwa na kiwanda mjini Kilifi, ina ganda lenye mafuta yanayounguza vidole vya wanaoibangua. "Cha asili" si jina jingine la "salama".

Kwa hiyo, chochote ukipatacho, cha dukani au cha uani, kijaribu kwanza. Paka kidogo ndani ya mkono karibu na kiwiko, usioshe hapo, ungoje siku mbili. Pasipowasha wala kuvimba, endelea kwa kitu kimoja tu kwa wakati. Ukianza vitano pamoja, utajuaje kilichokudhuru?

Usiku wa hina

Usiku wa hina ua ulijaa. Wanawake waliimba, chetezo kilizunguka, na mpambaji aliketi mkekani na vibakuli viwili. Cha kwanza kilikuwa hina, majani ya mhina yaliyosagwa na kukorogwa. Cha pili kilikuwa piko, lile pambo jeusi ti ambalo wasichana hulipenda kwa kuwa hukolea haraka.

Binti yangu alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. "Samahani," alimwambia mpambaji, "hii piko ina nini?"

Ua ulinyamaza kidogo. Niliona haya, maana mgeni hahoji chakula cha mwenyeji. Mpambaji, mwanamke mwungwana, alitoa pakiti. Ilikuwa rangi ya nywele.

Hina halisi haiwi nyeusi. Hutoa rangi ya kahawia au ya machungwa, na huhitaji saa kadhaa kukolea. Weusi wa haraka mara nyingi hutokana na kemikali ya rangi ya nywele ijulikanayo kwa herufi PPD. Ikipakwa juu ya ngozi huweza kutoa malengelenge na kuacha kovu lenye umbo la ua lile lile lililochorwa. Ubaya wake mwingine ni kwamba mwili ukishaikataa, huikataa maisha yote, na miaka mingi baadaye rangi ya kawaida ya nywele huweza kumvimbisha mtu uso. Watalii wamerudi kwao na makovu hayo kutoka fuo nyingi duniani.

Biharusi alisikiliza yote. Kisha akasema, "Basi mimi nitiwe hina tupu." Tulikesha tukimpepea ikauke. Asubuhi mikono yake ilikuwa na rangi ya kahawia iliyoiva, na Khala alisema hivyo ndivyo maharusi walivyokuwa zamani zake.

Jua letu

Malindi ipo takriban nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, na wakati wa kaskazi jua lake halina huruma. Weusi wetu ni kinga ambayo mwili wenyewe umeifuma dhidi ya jua hilo. Anayeubambua anauvua mwavuli wake saa sita za mchana. Wanaolijua hili zaidi ni ndugu zetu wenye ualbino, waliozaliwa bila kinga hiyo. Kwao krimu ya jua, kofia pana na mikono mirefu ni ulinzi wa uhai, kwani saratani ya ngozi huwavizia mapema. Huko Moshi, Tanzania, hutengenezwa krimu ya jua iitwayo Kilisun kwa ajili yao. Inasikitisha kwamba wako wanaotafuta kinga hiyo kwa shida, huku wengine tukilipa pesa tuivue.

Tuliporudi, basi lilivuka Daraja la Kilifi magharibi. Uso wa binti yangu ulikuwa bado na mabaka, na daktari alikuwa ametuonya kwamba kupona kutachukua miezi. Lakini leso ilikuwa mabegani, na uso wake ulikuwa dirishani.

"Mama," aliniambia, "ningekwambia tangu mwanzo, ungenipiga?"

Sikupata jibu la haraka. Nadhani ningemgombeza. Na hapo, msomaji mwenzangu, ndipo nilipoona kosa langu. Mtoto hakimbilii kikopo kisicho na jina ila pale ambapo nyumbani hapana wa kumwuliza. Leo jioni mkitoka mezani, leteni sabuni, krimu na mafuta yote ya nyumba hiyo, muyasome pamoja. Na yule mwenye chunusi mwacheni asome wa kwanza.