Kanda ya Mwanachuo

Mjukuu wangu anajifunza kutengeneza muziki. Hatungi wimbo, huchukua wa mwingine uliotenganishwa, ngoma mbali, besi mbali, gitaa na mwimbaji mbali, akauchanganya upya. Nililiona jambo hilo kuwa ni kunakili tu, na kunakili nimekupiga vita maisha yangu yote ya ualimu.

Juzi aliniita nisikilize. "Babu, mwimbaji unamsikia?" Nikamjibu namsikia kama mtu aliye nyuma ya ukuta. Hakumwongezea sauti hata chembe. Alilipunguza gitaa pale tu lilipogombea nafasi naye, kisha akalisogeza upande wa kushoto. Mwimbaji akatokea mbele, kila neno wazi. Nilikaa kimya.

Ndipo aliponisimulia habari za King Tubby wa Kingston, Jamaika, fundi wa redio, ambaye katika miaka ya 1970 alizichanganya upya nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, akimwondoa mwimbaji na kuziacha besi na ngoma zitambe. Prince Jammy alijifunzia kazi kwake.

Nikamkumbuka mwanachuo mmoja. Mwaka 1988, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilimkuta bwenini na redio kaseti mbili, akihamisha wimbo kutoka moja kwenda nyingine, huku akiuongezea mdundo kwa kugonga kitanda. Nilizichukua zote. Alirudishiwa siku ya kufunga chuo.

"Na kanda je, babu?"

Kanda nilikuwa nimerekodia hotuba yangu ya mahafali.