Kidude cha Kupimia Umeme

Kile kidude nilikinunua Kariakoo kwa ajili ya kujisifu. Unakichomeka kwenye soketi, unachomeka kompyuta juu yake, kinakuonyesha wati zinazotumika na uniti zilizokwishaliwa. Nilitaka namba za kuwatambia wenzangu, maana nilikuwa nimeongeza kasi ya prosesa yangu kupita kiwango cha kiwandani.

Prosesa yenyewe ni Core i5-2500K, toleo la mwaka 2011, iliyokuja ndani ya kompyuta ya mezani ya mtumba. Kasi yake ya msingi ni gigahezi 3.3, yaani megahezi 100 mara 33. Viini vyote vinne vikifanya kazi, hupanda yenyewe hadi 3.4. Ile herufi K maana yake kizidishio hakikufungwa. Unaingia kwenye baiosi, unaandika 45, unapata gigahezi 4.5. Lakini kasi hiyo haikai bila kuongeza volti. Kwa volti 1.2 za awali kompyuta iliganda. Ilitulia nilipofika 1.38.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Nikachukua video moja, nikaitoa mara mbili. Kabla ya kuongeza kasi: dakika 60, wati 112. Baada ya hapo: dakika 46, wati 168. Muda ulipungua kwa karibu robo, wati zikapanda kwa nusu. Ndivyo prosesa zilivyo: ukiongeza kasi, umeme unaoliwa huongezeka kwa kiasi hicho hicho, ukiongeza volti, huongezeka kwa mraba wa volti. Video ileile sasa ilikula uniti 0.129 badala ya 0.112. Sikujali. Nikapokea kazi zaidi, mashine ikawa inakesha.

Nyumba tuliyopanga ina vyumba vinne na LUKU moja. Kila chumba kilichanga sawa, isipokuwa mama wa chumba cha mbele, anayeuza barafu na juisi. Yeye alichanga mara mbili kwa sababu ya friji. Ndivyo tulivyokubaliana, na mimi nilikuwepo kwenye kikao.

Siku moja akakiona kile kidude mezani kwangu.

"Mwanangu, hicho hakiwezi kunipimia friji? Siku hizi uniti zinaisha haraka, na wenzio wananinunia mimi."

Nikampimia. Kutwa kucha, friji ilikula uniti 0.9. Kompyuta yangu, ikikesha kwa muda wa saa nane tu, ilikula 1.3.

Nilimwambia ya friji peke yake. "Haili sana, mama." Akashukuru, akaniletea juisi ya ukwaju. Mwezi ule akachanga mara mbili kama kawaida. Ilikuwa zamu yangu kununua umeme, kwa hiyo hela yake niliipokea kwa mkono wangu.

Usiku nilijaribu kujitetea kwa hesabu. Nikajiambia kosa ni ile kasi ya ziada. Nikapiga hesabu ya wati 112 kwa saa nane: uniti 0.9. Hata kabla sijagusa kitu, nilikuwa sawa na friji yake.

Nikarudi kwenye baiosi. Nikaacha kasi ya 3.4, nikashusha volti hadi 1.08. Video ikatoka kwa dakika 60 zilezile, kwa wati 99. Nilifurahi kidogo, kisha nikakumbuka ile juisi.

Kikao kilichofuata nilisema mbele ya wote. Mama alinitazama.

"Ulijua lini?"

"Siku ile niliyokupimia."

Hakusema neno. Alizihesabu hela zake upya, nusu akaiweka mezani, nusu akaifunga kwenye pindo la khanga. Mimi nikatoa mafungu mawili.

Kidude kiko kwake. Alikiomba jioni ileile, na sijakidai.